Kifaranga Akisinzia, Kwanza Mpe Joto

Miezi mingine ukurasa wa familia unaongea juu ya madaftari, utoro na usafi. Mwezi huu tunaongea juu ya kuku, na hasa vifaranga, sababu tumeona wanakufa wengi ambao hawakupaswa kufa.

Kuna atakayesema walimu wa kujitolea wameishiwa habari, sasa wanaandika kuku. Basi tupige hesabu pamoja. Hapa kwetu Nakivale nyumba nyingi zina kuku wawili, watatu, wenye bahati kumi. Hao si mradi, ni benki. Daftari likiisha, mayai yanauzwa. Mtoto akizidiwa usiku na pesa ya boda haipo, asubuhi jogoo anakwenda sokoni. Na tangu rasheni ilipoanza kupunguzwa mwaka 2020, kuku ndiye amebaki kuziba pengo katika familia nyingi. Sasa mama kuku ameangua vifaranga kumi na wawili, na baada ya mwezi wamebaki watatu. Wale tisa waliokufa wangeweza kuwa sare ya shule na viatu.

Mwezi uliopita mtoto wa darasa la nne alikuja na kifaranga ndani ya mfuko wa shati, akakaa naye kipindi kizima cha hesabu. Tulipomuuliza, akasema nyumbani wote wamekwenda shamba, na akimwacha peke yake atakufa. Asubuhi kifaranga alikuwa anasinzia na mabawa yameshuka. Kufika mapumziko alikuwa amefumbua macho na analia kwa nguvu. Mtoto hakujua kwamba amefanya tiba yenyewe kabisa: mfuko wa shati, karibu na mwili, ni joto.

Baridi inaua kabla ya ugonjwa

Kifaranga wa siku chache hana manyoya ya kweli. Ana pamba tu juu ya ngozi, na mwili wake bado haujui kujitengenezea joto la kutosha. Chini ya kifua cha mama yake anapata nyuzi kama 32 mpaka 35, na hilo ndilo joto analohitaji wiki ya kwanza. Kila wiki linaweza kupungua kama nyuzi 3, mpaka manyoya yatoke vizuri, kwenye wiki ya tano au ya sita. Wenye kulala chini ya shitingi mnajua usiku wa hapa ulivyo, hasa upepo ukipita chini ya turubai. Mtu mzima anajifunika blanketi na bado anatetemeka. Je, kifaranga mwenye uzito wa barua?

Tunachokiona nyumba kwa nyumba ni kwamba kifaranga akilegea, watu wanakimbilia kumlisha. Wanamfungua mdomo kwa nguvu, wanamtia uji au ugali. Hapana jamani. Kifaranga aliyepoa tumbo lake halifanyi kazi. Chakula kinakaa pale pale shingoni kwenye kifuko chake, kinachacha, na mara nyingi kinapita njia ya pumzi. Kwanza apate joto, halafu maji, chakula kinafuata mwisho.

Chukua katoni au kikapu. Chini weka gunia au majani makavu. Gazeti siyo zuri, linateleza, na tutaeleza sababu yake. Jaza kajerikani kadogo au chupa ya plastiki maji ya moto, lakini yasichemke, funga vizuri kifuniko, zungushia kitambaa kinene. Weka upande mmoja wa katoni, siyo katikati, ili kifaranga akisikia joto limezidi aweze kuhama. Kabla ya kumweka, gusa chupa kwa upande wa ndani wa mkono wako kama tunavyopima maziwa ya mtoto. Ikikuchoma wewe, itamuunguza yeye. Funika nusu ya katoni kwa kitenge na nusu nyingine iache wazi apate hewa. Maji yakipoa, badilisha. Usiku utaamka mara mbili, tatu. Mama mwenye mtoto mchanga anaamka hata hivyo.

Vifaranga wenyewe watakuambia kama umepatia. Wakijirundika pamoja na kulia kwa sauti kali, wanasikia baridi. Wakiikimbia chupa na kufungua midomo kuhema, punguza. Wakitawanyika na kunong'ona kidogo kidogo, nenda ukalale.

Sasa sikilizeni hili vizuri. Jiko la makaa lisiwekwe ndani ya nyumba iliyofungwa ili kupasha vifaranga, wala kupasha mtu. Makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi, na mtu aliyelala haamki kuikimbia. Familia nzima inaweza kumalizika kwa ajili ya vifaranga kumi. Bado hatujaongelea shitingi na nyasi za paa zinavyoshika moto. Chupa ya maji ya moto inachosha, tunakubali, lakini haiui mtu.

Maji na chakula

Akishapata joto na kusimama, ndipo maji. Yawe ya uvuguvugu, na kwa siku ya kwanza unaweza kutia kijiko kimoja cha chai cha sukari kwenye glasi. Usimpulizie wala kumdondoshea ndani ya mdomo, maji yatakwenda kwenye mapafu. Chovya ncha tu ya mdomo wake, mara mbili tatu, atainua kichwa na kumeza mwenyewe. Chumvi usiweke. Tunajua maji ya sukari na chumvi yanasaidia mtoto anayehara, lakini kuku anadhurika haraka na chumvi ikizidi.

Chombo cha maji kiwe kifuniko kifupi cha kopo, na ndani yake weka mawe madogo yaliyooshwa. Vifaranga wengi tu wamekufa kwa kuzama kwenye sahani, au kwa kulowa kifua usiku. Aliyelowa ni aliyepoa, mkaushe kwanza.

Aliyeanguliwa leo asiyekula asikutie hofu. Ametoka na akiba ya kiini cha yai tumboni, inaweza kumshikilia siku mbili, hata tatu. Baadaye mpe chenga za mahindi au mtama zilizosagwa, na kiini cha yai lililochemshwa, kilichopondwa. Wako wamama wanaona vibaya kumlisha kifaranga yai. Halina shida yoyote. Unga wa mahindi peke yake unajaza tumbo bila kujenga mwili, kwa hiyo changanya dagaa waliosagwa, wale sisi wa kutoka Fizi na Uvira tunaoita ndagala, na majani ya lengalenga yaliyokatwa dogo dogo.

Kama dagaa ni ghali, kuna mchwa. Wazee wetu walijaza chungu kikuukuu mabua makavu na mavi ya ng'ombe, wakamwagia maji kidogo, wakakifunika kichwa chini pale mchwa wanapopita. Baada ya siku moja au mbili unainua chungu na unakung'utia vifaranga. Watoto wanaipenda sana kazi hii, kuliko kuchota maji.

Makosa madogo ya mwili

Kifaranga akiwa na uchafu uliokauka na kuziba pale anapotolea haja, hawezi kujisaidia na atakufa. Usiung'oe, utachuna ngozi. Lowesha kwa maji ya uvuguvugu mpaka ulainike, futa taratibu, kausha, paka mafuta kidogo ya kupikia, rudisha kwenye joto. Wakiziba wengi kwa pamoja, na kinyesi ni cheupe, na wanakufa siku za kwanza kwanza, huo ni ugonjwa unaotoka kwa mama kupitia yai. Mwite mtu wa mifugo, na mayai ya mama huyo usiatamishe tena.

Miguu ikitanuka kushoto na kulia kama mtu aliyeteleza kwenye matope, mara nyingi ni sakafu inayoteleza, ndiyo sababu tumekataa gazeti. Chukua uzi wa sufi au kipande laini cha kitambaa, unganisha miguu miwili kwa nafasi ya kawaida ya kusimama, usikaze. Baada ya siku tatu, nne, ukifungua anatembea. Ifanyike mapema, wiki ya kwanza, mifupa ingali laini. Vidole vikijikunja ndani kama ngumi, hapo mara nyingi kuna upungufu wa vitamini. Ongeza majani mabichi, kiini cha yai, na kipande cha ini kama kimepatikana.

Kuhara damu

Wakifika wiki ya tatu mpaka ya sita, wewe ukidhani wameshapona kila kitu, ndipo huu unakuja. Wanajikunyata, manyoya yanasimama, hawali, na kinyesi kina damu. Wadudu wake ni wadogo sana, hawaonekani kwa macho, wanaishi tumboni na kutoka na kinyesi. Wanahitaji unyevu na joto ili waweze kuambukiza, na pale ambapo matandiko yameloa siku moja au mbili zinawatosha. Mvua ikivuja kwenye banda, au chombo cha maji kikimwagika kila siku, umewapandia shamba.

Huu una dawa. Duka la dawa za mifugo ulizia amprolium, inachanganywa kwenye maji ya kunywa kwa siku kadhaa kama karatasi yake inavyoelekeza. Siku hizo wasipate maji mengine. Lakini ukitoa dawa na matandiko yamebaki mabichi, unatupa pesa. Toa yote, choma, anika banda jua lilipige, weka makavu. Sabuni peke yake haiwaui wadudu hawa. Ukavu na jua vina nguvu zaidi.

Kideri hakina dawa

Tumefika kwenye ule unaomaliza zizi. Wengine wanauita mdondo, wengine kideri, vitabu vinauita Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ambako ulitambuliwa miaka ya 1920. Kuku anakohoa, anahema kwa mdomo wazi, anaharisha kijani, mabawa yanashuka, wengine wanapinda shingo mpaka kichwa kinaangalia mgongo, na wengine hawaonyeshi kitu, wamelala wazima na asubuhi wamekufa. Katika kuku wasiochanjwa wanaweza kufa karibu wote kwa wiki moja.

Mama mmoja wa zoni yetu alikuwa na kuku kumi na wanne. Alinunua wawili sokoni kwa bei ya chini, akafurahi. Siku ya tano wale wawili wakaanza kukohoa. Siku ya kumi na mbili alikuwa amebaki na jogoo mmoja. Bei ya chini ilikuwa na sababu yake: aliyeuza aliona kuku wake wanaanza kufa, akakimbilia soko. Hiyo ndiyo njia ugonjwa unavyotembea kutoka zoni hadi zoni, ndani ya mfuko wa mtu anayejaribu kuokoa pesa kidogo. Hatumhukumu aliyeuza, njaa tunaijua. Lakini watoto wa mama yule walikuwa wanasubiri kuku wale wauzwe mwanzo wa muhula.

Sasa juu ya vile vidonge vya rangi mbili. Karibu kila nyumba tuliyopita, kuku akiugua, kidonge cha tetrasaikilini cha watu kinapasuliwa na unga wake kutiwa kwenye maji. Kideri kinaletwa na virusi, na dawa hiyo haigusi virusi. Kuku aliyepona baada ya kuinywa angepona hata bila hiyo. Hasara yake ni tatu: pesa imekwenda, dawa inabaki kwenye mayai na nyama mnayokula, na wadudu wa magonjwa wanaizoea, ili siku mtoto wako atakapoihitaji kweli isimsaidie. Pilipili, jivu na mshubiri kwenye maji navyo ni hivyo hivyo kwa ugonjwa huu. Wazee wetu tunawaheshimu, ila kideri hawakukiweza.

Kinachowezekana ni chanjo, na ipewe kuku angali mzima. Ile ya tone la jicho inayoitwa I-2 ilitengenezwa kwa ajili ya vijiji visivyo na friji. Inavumilia joto kuliko nyingine, ingawa haipendi jua. Tone moja kwenye jicho moja, mkubwa na mdogo sawa, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kinga haiji siku hiyo hiyo, hesabu wiki mbili. Ukichanja leo zizi ambalo ugonjwa umeshaingia, watakufa, halafu utasema chanjo imewaua.

Kuku mgeni, awe wa sokoni au zawadi ya shemeji, akae peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa. Mgonjwa naye atengwe mara moja. Hudumia wazima kwanza, mgonjwa mwisho, kisha nawa mikono na suuza viatu.

Watoto na mikono yao

Aliyekufa kwa ugonjwa haliwi, hapewi mbwa, hatupwi kwenye bonde. Achomwe, au azikwe kwenye shimo refu ambalo mbwa hawezi kufukua. Tunajua ni maneno magumu kwa nyumba iliyokaa wiki mbili bila nyama. Wakifa wengi kwa ghafla, siku moja au mbili, usiwaguse kwa mikono mitupu, na habari ifike kwa mwenyekiti wa kijiji na mtu wa mifugo siku hiyo hiyo, sababu kuna mafua ya ndege ambayo yanaweza kumshika hata mtu.

Hata kifaranga mzima anaweza kubeba wadudu wa kuharisha ambao yeye hawamsumbui lakini wanamlaza mtoto. Kwa hiyo watoto wasimbusu, wasile wakiwa wamemshika, na wakimaliza wanawe kwa sabuni. Walio chini ya miaka mitano bora wamtazame tu. Yule mwanafunzi wetu wa mfuko wa shati alinawa mpaka viwiko kabla ya kula, tulisimama pale pale.

Njiwa, kasuku na ndege wa porini

Wavulana wengi hapa wanafuga njiwa, na njiwa siyo kuku. Kinda lake halijitafutii chakula. Siku za kwanza baba na mama wote wawili wanalilisha kitu kama maziwa mazito kinachotengenezwa ndani ya shingo zao. Kwa hiyo kinda la siku mbili, tatu likipoteza wazazi, uji wako hautalishikilia. Jaribu kuliweka kwa njiwa wengine wenye makinda ya umri ule ule. Likiwa limeshaanza kuota manyoya unaweza kuliokoa: loweka njegere mpaka zilainike, fungua mdomo taratibu, tia moja moja, na usimamishe kifuko cha shingo kikijaa. Asubuhi kabla ya kulisha tena, gusa kifuko. Kama bado kimejaa, lina baridi au ni gonjwa. Rudi kwenye joto. Na njiwa nao wanaweza kubeba kideri, wasinywe chombo kimoja na kuku.

Kasuku tumewaona wachache, wale wa kijivu wa misitu ya Kongo. Mwaka 2016 nchi za dunia zilikubaliana kufunga biashara ya kimataifa ya kasuku hao wanaokamatwa porini, kwa hiyo anayeuziwa leo ajiulize maswali. Mwenye naye tayari asimpe parachichi, ile tunayoita avoka, ni sumu kwake. Asikae pia karibu na jiko, mapafu ya ndege hayavumilii moshi.

Watoto wakileta kinda la ndege wa porini, wauliziwe wamelitoa wapi. Kama kiota kinafikika, lirudishwe siku hiyo. Mama yake hatalikataa kwa sababu ya harufu ya mkono wa mtu, huo ni uvumi tu. Na kama limeshaota manyoya na linarukaruka chini, halijapotea. Linajifunza kuruka, na wazazi wake wako juu ya mti wanakuangalia wewe.

Kuhusu chanjo

Kichupa kimoja kinatosha kuku hamsini, mia au zaidi, na kikishachanganywa hakiwekwi akiba. Mwenye kuku sita akikinunua peke yake anamwaga pesa, ndiyo maana wengi wanaacha. Nyumba kumi, kumi na tano zikichanga, kila mmoja analipa kidogo tu. Tumeongea na mtu wa mifugo, yuko tayari kuja tukifikisha kuku mia. Anayetaka aandikwe, amtume mtoto shuleni na karatasi yenye jina la nyumba, kijiji, na idadi ya kuku pamoja na vifaranga. Tunapokea kila siku baada ya masomo, kwenye darasa la nne, mpaka mwisho wa mwezi. Pesa msitume sasa. Tutawaambia kiasi tukishahesabu. Siku ya chanjo kuku wafungiwe ndani tangu usiku, maana kumkimbiza jogoo zoni nzima asubuhi ni kazi ambayo hatuiwezi.